Jiwe Tulilotoka Nalo Ikutha

Safari hii ilitokana na ukuta ambao ulikuwa bado haujajengwa. Majirani zetu wa Kenya walitaka kuuweka kwenye mto unaotoka kwao na kuingia kwetu, mto wa msimu ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Jina lake sitalitaja, maana kila upande una jina lake na nimekwisha kuona wakubwa wakipoteza asubuhi nzima kwa ajili hiyo. Wenzetu walieleza kwamba ukuta ungezuia mchanga, na mchanga ungehifadhi maji. Sisi tunaokaa chini tuliona ukuta tu. Wajumbe wa nchi mbili walikwisha kukutana, wakanywa chai, wakaachana kama walivyokutana. Mwishowe wenzetu wakasema: njooni Ukambani, mwone kuta za namna hiyo zinavyofanya kazi Kitui na katika wilaya mpya ya Makueni, halafu tuzungumze. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mpaka ulikuwa umefunguliwa tena zamani kidogo, na watu walikuwa wamezoea kualikana upya.

Mimi nilikuwa fundi wa vipimo vya maji, mdogo kuliko wote katika msafara. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Semboja, mkurugenzi kutoka wizarani, mtu wa suti ya kijivu ambaye sikuwahi kumsikia akisema ndiyo kabla ya kuuliza ndiyo hiyo itaandikwa wapi. Kazi yangu ilikuwa kumwambia jambo moja: ukuta ule utatukausha, au hautatukausha? Ambalo ningemwambia ndilo angelipeleka kwa wakubwa.

Niseme na hili mapema. Upande wetu, chini kidogo ya mahali ukuta ulipokusudiwa, kipo kijiji cha Mkongeni, na Mkongeni ndiko anakokaa dada yangu Mwanaidi. Mto ukikauka, Mwanaidi huchimba shimo mchangani na kuteka. Mbuzi wake, maharage yake na wajukuu anaowalea wanaishi kwa shimo hilo. Nilipokwenda kumuaga alikuwa ndani ya shimo, naona mtandio tu.

"Wanakupeleka kuona nini?" aliuliza bila kupanda juu.

"Kuta."

"Wakikulisha nyama huko, usije ukasema ndiyo kwa ajili ya nyama."

Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kununuliwa kwa nyama. Akainua kichwa, akanitazama tumboni, akarudi kuteka.

Mpakani Holili tulifika jua limeanza kuwa kali. Ofisa wa Kenya aliuliza tumebeba nini, na Bwana Semboja akajibu kwamba tumebeba karatasi. Zilifunguliwa zote. Baada ya Taveta vumbi jekundu lilituingia mpaka kwenye sandwichi ambazo mke wa mkurugenzi alizifunga kwa uangalifu, na hatukupumua vizuri hadi Voi. Huko tuliingia barabara kuu ya Mombasa, tukawa nyuma ya malori hadi Mtito Andei, ukaja Kibwezi, ukaja Makindu. Nilikuwa nikihesabu madaraja moyoni kwa mazoea ya kazi, na karibu kila daraja lilikuwa juu ya mchanga. Emali tuliiacha lami, tukashika njia ya mji wa Wote, na jioni tukalala huko.

Pale Wote, asubuhi, tuliingizwa katika ukumbi ulionuka rangi mbichi, maana ofisi za wilaya zilikuwa bado changa. Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Mutinda, ofisa wa maji, mtu mrefu wa kaki, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Saa nzima ya kwanza ilikwenda katika kupanga bendera mbili ndogo mezani, ipi ikae kulia. Kisha ikatandazwa ramani, na kila mtu akaiangalia kwa heshima.

"Mheshimiwa, mimi nitasema waziwazi," alisema Mutinda. "Huo mchanga ikishajaa nyuma ya ukuta, maji inapita juu tu, inakuja kwenu kama zamani. Hakuna mtu anawaibia."

"Nani atatuhakikishia?" aliuliza Bwana Semboja.

"Macho yenu."

Hapo nikaomba nafasi, jambo ambalo wadogo hawakutarajiwa kufanya. "Wakati wa mvua nimeelewa," nikasema. "Na kiangazi? Maji yaliyomo ndani ya mchanga huko chini yanakuwaje?"

Mutinda alinitazama, akatabasamu, akasema chakula kiko tayari. Sikumlaumu. Hata mimi ningekuwa yeye ningekumbuka chakula. Lakini swali nililibakiza mdomoni, kwa sababu Mwanaidi haishi wakati wa mvua tu.

Kulikuwa na muthokoi, ambayo ni makande yetu yaliyokobolewa mahindi yake, pamoja na ndengu, tunazoziita choroko, na sinia la nyama ya kuchoma. Nyama nilichukua kidogo sana, na kuiacha kuliniuma. Tulipotoka nje Bwana Semboja alitukusanya kwenye ngazi.

"Huko tunakokwenda," alisema, "tutaona, tutashukuru, basi. Hatukubali, hatukatai. Na mtu asishike kitu chochote huku anapigwa picha."

Alisema hivyo kwa sababu wenyeji walikuwa wamekuja na mpiga picha wa habari, kijana mwembamba aliyetufuata hata tulipokwenda kunawa. Picha moja ya mjumbe wetu akicheka kando ya ukuta ingetosha kusomwa nyumbani kwamba tumekwisha kuuza mto.

Siku iliyofuata tulirudi barabara kuu, tukashuka hadi Kibwezi, tukakata kushoto kuelekea soko la Ikutha, wilaya ya Kitui. Kwenye daraja la mto Athi gari lilisimama. Upande tuliotoka ni Makueni, upande wa pili ni Kitui, na katikati maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita bila kujali. Bwana Semboja aliuliza mto ni wa nani kati ya wilaya hizo mbili.

"Mheshimiwa, tukianza hiyo hatufiki Ikutha leo," alisema Mutinda.

Ikutha tulifika soko la mbuzi likiwa limepamba moto. Kwa kuwa Bwana Semboja na mimi ni Waislamu, Mutinda alikuwa amemwomba Abdullahi atuchinjie. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo ambaye watu wake wanatoka kaskazini mashariki, mwenye duka la bati pale sokoni. Alituketisha barazani, akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi kali, na wakati nyama inaiva akatuuliza tunatafuta nini. Tukamwambia.

"Ukuta ya mchanga?" alisema. "Mimi nilikuja hapa mara ya kwanza na ng'ombe wamechoka sana. Nikauliza hawa mama, maji ni pesa ngapi. Wakaniambia hakuna pesa, leta mawe."

"Mawe ya nini?" aliuliza Bwana Semboja.

"Ya kujenga. Ng'ombe walisimama juani, mimi nikabeba mawe na kanzu yangu hii. Nilikasirika kabisa, wallahi. Tangu hiyo siku mimi nikikuja na ng'ombe, hakuna mtu ananiuliza kitu."

Bwana Semboja alisema ni desturi ya kuvutia, kwa ile sauti yake ya kufunga mazungumzo. Mimi nilikula. Nilisema moyoni kwamba Mwanaidi alikataza kusema ndiyo, hakukataza kula.

Kesho yake asubuhi tulikwenda mtoni. Ulikuwa mto mdogo, mkavu, wenye kingo za mawe, na ukuta ulikuwa ukiongezwa kimo, maana mchanga wa misimu iliyopita ulikuwa umejaa hadi juu. Kabla ya kazi mzee mmoja wa kanisa aliomba. Aliombea mvua, serikali, wageni na magurudumu ya gari letu, hata nikafungua macho kuona kama yana kasoro. Baada ya amina watu wakajipanga. Wanaume walichanganya saruji na kupasua miamba, na wanawake wakasimama mstari mmoja kutoka kilimani hadi ukutani, mawe yakipita mkono kwa mkono huku wakiimba. Kikundi cha kazi kama hicho Wakamba hukiita mwethya. Kinafanya kwa zamu shughuli za wote, na hakina mtazamaji.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mwende, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira na kitambaa cheupe cha kanisani kichwani.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Mzuri sana," alijibu, na wenzake wakacheka, maana salamu hiyo kwao ni ya redioni.

Nilimuuliza ukuta ni wa kijiji gani. Akaonyesha juu: ni wa kijiji chao. Kisha akaonyesha chini ya mto, kwenye nyumba za bati nyuma ya michongoma. "Hao wa huko chini pia."

"Walikubali mara moja?"

Mama Mwende alicheka hadi akaweka karai chini. "Mara ya kwanza hatukuwaita. Tukajenga siku mzima. Asubuhi tukikuja, mawe yote iko kando ya mto, imepangwa vizuri. Hawakuiba hata moja. Hawakutukana mtu."

"Mkafanyaje?"

"Tukajenga tena. Wakatoa tena. Tukachoka, tukawaita."

Mwanamume aliyekuwa akichanganya saruji aliinua mkono bila kugeuka. "Ni sisi," alisema, kama mtu anayeitika jina lake darasani.

Basi nikalitoa lile swali langu la Wote. "Na kiangazi, mama, huko chini maji yanakuwaje?"

Mutinda alikohoa. Mama Mwende hakumjali. "Huko chini inakauka kwanza. Siwezi kukudanganya na niko na Mungu. Sasa wakikauka wanakuja hapa juu, wanachimba yao hapa kwa mchanga yetu. Mwenye aliweka mawe hafukuzwangi."

"Hata mwaka ukiwa mbaya? Hata kama hayawatoshi ninyi?"

"Hiyo mwaka mbaya ndiyo alibebea mawe," alisema.

Niliomba jembe. Nyuma ya ukuta nilichimba, na maji yakaja kabla mkono haujazama hadi kiwiko, safi, baridi. Nikashuka chini ya ukuta, nikachimba tena. Nilichimba hadi nikasimama ndani ya shimo, mchanga ukinifika kifuani, na sikupata zaidi ya unyevu. Pale nikaogopa waziwazi, kwa sababu niliuona mtandio wa Mwanaidi. Jibu la wizara nilikuwa nimelisimamia kwa miguu miwili: ukuta utatukausha, si wakati wote, lakini wakati ule ule tunapouhitaji mto.

Nilipanda juu nikamwambia Bwana Semboja. Akatikisa kichwa taratibu, na nikajua amekwisha kuandika barua ya kukataa. Alikuwa akigeuka kuelekea garini Mama Mwende alipotokea mbele yake na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Alilinyoosha kwa mikono miwili. Mtu aliyelelewa kwetu akipewa kitu na mama kwa mikono miwili hukipokea kwa mikono miwili kabla hajafikiri, na mkurugenzi alilelewa vizuri. Akalipokea.

Mpiga picha akainua kamera.

Mstari wa akina mama ulisimama. Wimbo ukakatika. Bwana Semboja alikuwa ameshika jiwe mbele ya suti yake ya kijivu, na nilimwona akipiga hesabu zote: akiliweka ukutani, amejenga, akilitupa, ametukana, akimrudishia mama, amekataa mbele ya watu.

"Mzee, hiyo mawe si ya kuangalia," alisema Mama Mwende.

"Mama, nisamehe," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nimetumwa. Nikiliweka hapa, kwetu watasema nimekubali ukuta mwingine, ambao watu wake hawajaulizwa."

Nilimstahi kwa neno hilo kuliko kwa hotuba zake zote. Mama Mwende alifikiri, akawaambia wenzake kwa Kikamba, wakabishana kidogo, akarudi kwetu.

"Basi enda nayo. Kama hawajaulizwa, waulizwe. Siku watakubali, wewe mwenyewe uweke huko. Lakini mawe ya mwethya haitupwangi njiani, unasikia?"

"Nimesikia."

Mimi nami nilikuwa nimepewa jiwe langu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya picha yangu, nililiweka ukutani, nikapokea lingine, nikaliweka, hadi wimbo ukarudi. Garini Bwana Semboja aliniuliza kwa ukali nimekubali nini.

"Nimekubali kufanya kazi, mkuu."

Jiwe lilikuwa sakafuni, kati ya viatu vyake.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile. Voi mkurugenzi alishuka kunywa chai, akarudi haraka kuona kama jiwe lipo, kana kwamba Voi nzima haina mawe. Mpakani, upande wetu, askari wa forodha aliinama akalitazama.

"Hili nini?"

"Jiwe," alisema Bwana Semboja.

"La nani?"

Mkurugenzi alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "La watu fulani," akasema. "Wamenipa nilifikishe."

Nyumbani nilieleza nilichokiona bila kukipaka sukari. Ukuta utawakausha watu wa chini kiangazi. Wenzetu wanaweza kuujenga ikiwa watu wa chini wataitwa kubeba mawe, na waliobeba wataruhusiwa kuchimba nyuma ya ukuta siku mto wao utakapokauka. Wanasheria walicheka. Walisema hakuna mkataba duniani wenye kifungu cha kubeba mawe, na kwamba mtu wa nchi moja hawezi kwenda kuteka maji nchi nyingine na ndoo kichwani kama anakwenda kwa shangazi. Kikao kilichofuata na majirani kilielekea kule kule kwa vikao vya zamani. Ndipo Bwana Semboja alipofungua mkoba wake, akaliweka jiwe mezani, katikati ya zile bendera mbili. Mutinda alilitambua, akaangua kicheko. Akawaeleza watu wa upande wake, kwa maneno yake mwenyewe, kuhusu mawe yaliyokuwa yakipangwa kando ya mto kila asubuhi.

"Hawa tusipowaita," alisema, "tutajenga mchana tu."

Kifungu kiliingia. Kiliandikwa kwa lugha nzito ambayo Mama Mwende asingeitambua, lakini maana yake ilikuwa ile ile.

Siku ya kujenga watu wa Mkongeni waliruhusiwa kuvuka. Nilimtaka Mwanaidi alibebe lile jiwe la Ikutha, nikidhani litampendeza. Alilikataa.

"Hilo la wenyewe. Mimi nina langu," alisema, na akalitoa kangani, jiwe jekundu alilokuwa akikanyaga kila akitoka shimoni kwake. Jiwe la Ikutha liliwekwa na Bwana Semboja, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu na alikuja kwa nauli yake. Mpiga picha hakuwepo.

Miaka michache baadaye mvua ilikosa. Shimo la Mwanaidi lilikauka, kama nilivyosema lingekauka, na kuwa sahihi hakukunifurahisha. Alichukua ndoo, akapanda na mto hadi mpakani. Askari wa upande wa pili alikuwa mgeni kazini, akamtaka cheti. Mwanaidi akamwonyesha ukuta, kisha jiwe jekundu karibu na kona. Askari alisema hilo ni jiwe, si cheti. Wakasimama hivyo, hadi mama mmoja wa Kenya aliyekuwa akiteka mchangani akapaza sauti: "Wacha apite, huyo aliweka mawe!" Na wengine waliokuwa naye wakasogeza ndoo zao.

Katika safari ile nilijifunza kwamba vipimo vyangu vilikuwa sahihi na havikutosha. Vilionyesha maji yatakauka wapi. Havikuonyesha nani atasogeza ndoo. Hilo nililisikia Ikutha, kutoka kwa mama mwenye buti za mpira, na nusura tuliache kule kwa kuogopa picha.

Niliposikia habari za askari nilikwenda Mkongeni kumuuliza dada kama kweli alipata maji. Alikuwa akichambua maharage, na hakuinua kichwa.

"Nilipata," alisema. "Na wala hawakunilisha nyama."